Mshumaa wa Radi, Chumba Namba 214

Jumapili, 7 Oktoba

Siku ya sita hapa kwenye nyumba ya tiba ya pwani. Nimetoka misa ya saa tatu. Kikanisa kilijaa mpaka nje, magongo kila kona, na watu wanakohoa kwa zamu kama wamepangiana. Padri alihubiri kwa kifupi, Mungu ambariki, maana viti vyao ni vigumu.

Nyonga yangu mpya leo afadhali. Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kushika ukuta, nimeshika reli tu. Natakiwa nipone, sina njia nyingine. Mwalimu mkuu aliniambia waziwazi: "Bogumiła, jiko lako nakushikilia mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote. Baada ya hapo sitaweza." Hiyo ni tarehe mosi Novemba. Na sufuria la supu la watoto mia mbili halimsubiri mwanamke wa magongo. Kwa hiyo siku ishirini na moja hizi ni zangu zote, nizile mpaka chembe ya mwisho. Foleni ya kuletwa hapa nilikaa miaka miwili na mwezi. Nikirudishwa nyumbani katikati, naanza upya mwishoni mwa mstari.

Ndiyo maana sheria zao nimezisoma mara tatu. Zimebandikwa mlangoni kwa ndani. Hakuna jiko la umeme, hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna moto wa aina yoyote. Kosa la moto, unafunga sanduku. Wa chumba cha chini walimfukuza wiki iliyopita kwa sababu ya waya wa kuchemshia chai. Mtu mzima, jaji mstaafu!

Mirka, mwenzangu wa chumba, keshaonywa mara moja. Alivuta barazani. Akaniambia: "Bahari nzima mbele yangu inatoa mvuke, na mimi nakatazwa kamoshi kadogo." Ni mtu wa mjini Łódź, alishona makoti kiwandani miaka thelathini, ulimi wake ni mkasi. Kanisani haendi. Lakini siku ya tatu tulipoacha kuitana "bibi" na kuanza kuitana Mirka na Bogusia, alinipa blanketi lake la ziada bila kuombwa. Naye nimemwingiza kwenye rozari yangu. Hajui.

Bahari leo imelala kama maziwa kwenye beseni.

Chakula cha mchana Bwana Alojzy katangaza dhoruba. Huyu ni mchimba makaa mstaafu, kwenye kila meza ana bibi wake. Anasema goti lake la kushoto limemwambia Jumanne.

"Goti lako," Mirka akamjibu, "lilituambia pia unajua kucheza tango. Tukaona wenyewe Ijumaa."

"Malkia wangu, hilo lilikuwa la kulia!"

Jumatatu, 8 Oktoba

Goti lilisema kweli. Televisheni inatangaza tangu asubuhi: upepo kiwango cha kumi, watu wakae mbali na gati. Basi wote wakaenda gatini! Kwetu Podlasie tukisikia dhoruba tunaingiza ng'ombe na kufunga madirisha. Hawa wa tiba wanafunga skafu na kutoka, kama wanakwenda kumpokea bibi harusi.

Nimeenda na mimi. Nisijidai.

Mawimbi bado si makubwa, lakini mazito. Yanakuja polepole, kama mtu mwenye hasira anayejizuia. Anga upande wa Denmark ni rangi ya risasi. Shakwe wote wamekwenda kukaa kwenye uwanja wa shule, mamia, wanaangalia upande mmoja. Wanyama wana akili kuliko sisi.

Simu ya Mirka ilipigwa pale gatini. Akaitazama, akairudisha mfukoni. Ikapigwa tena. "Hupokei?" namwuliza. "Wananiuzia vyungu," anasema. Lakini niliona namba, ni ya kwao Łódź, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayeuziwa vyungu.

Jioni rozari. Salamu Maria kumi za ziada kwa ajili yake.

Jumanne, 9 Oktoba

Imekuja.

Matibabu ya tope yamefutwa, pampu imezimika. Mazoezi yamefutwa. Hakuna aliyelalamika. Tumekaa wote kwenye ukumbi wa chakula, upande wa kioo, tangu chai ya asubuhi.

Ufukwe wa jana haupo. Umemezwa! Maji yanapiga moja kwa moja kwenye tuta, na tuta linakatika kama mkate. Ngazi za mbao za kushukia pwani ziliondoka saa nne na nusu. Tuliziona zikiondoka. Zilikaa kidogo juu ya maji, nzima, ngazi ishirini na kitu zisizokwenda popote, halafu zikavunjika. Ukumbi mzima: "Aaaa!" Kama mpirani.

Povu linaruka mpaka kwenye misonobari na kuning'inia huko.

Bwana Alojzy kaniletea kiti, kasema mwenye nyonga mpya akae mbele. Mirka alisimama muda wote, paji la uso kwenye kioo. Nikamwuliza haogopi. "Napenda," anasema. "Kelele ikiwa nje, kichwani kunakuwa kimya."

Nilitaka kumwuliza kichwani kuna nini. Sikuuliza. Mimi mwenyewe niliogopa, lakini ilikuwa hofu ya raha, hofu ya mtu mwenye kikombe cha chai mkononi. Radi haijapiga hata moja. Laiti ningejua imebaki wapi!

Jumatano, 10 Oktoba

Ee Mungu wangu. Niandike kwa mpangilio.

Upepo haukulala. Asubuhi umeme ulikatika, wakawasha wa dharura, taa moja tu kwenye korido. Baada ya chakula cha mchana kila mtu akaenda kulala. Mirka alirudi kutoka tiba yake ya kuvuta mvuke wa mapafu, akajitupa kitandani, akasinzia papo hapo. Kitanda chake ndicho cha dirishani. Saa kumi hivi, nje kukawa giza kama ndani ya gunia. Halafu ikaanza — radi! Oktoba! Ya kwanza mbali. Ya pili juu ya gati. Ya tatu ilitikisa glasi zetu za miswaki.

Mshumaa ninao. Nimeubeba kutoka nyumbani katikati ya soksi, umeviringwa taulo. Umebarikiwa Februari tarehe mbili, siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, kama kila mwaka. Mama alikuwa anauweka dirishani kila radi ilipokuja, utukinge, na mama yake kabla yake. Mara moja tu hakuuwasha, alikuwa kwa jirani anakamua, nami nina miaka tisa. Radi ikaingia ghalani kwetu. Sikumbuki moto, nakumbuka sauti ya farasi.

Basi sikufikiri. Naapa sikufikiri sheria wala mlango. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikawasha, nikauweka kwenye glasi dirishani, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mirka kwa sababu kupiga magoti siwezi, nikaanza litania ya watakatifu.

Na radi ya nne ikamwamsha.

Kafumbua macho. Kaona nini? Kaona mshumaa wa radi unawaka hatua moja kutoka kichwani kwake, na mimi nimemwinamia na rozari, nasema "utuombee, utuombee." Huo mshumaa si wa radi peke yake. Ndio anaoshikishwa mtu anayekata roho, upate kumwangazia njia. Kwetu mtoto mdogo anajua. Nilidhani watu wa Łódź wamesahau. Hawajasahau.

"Yesu na Maria!" — yeye, asiyeamini! — "Bogusia! Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Kwamba nakufa! Wamepiga simu hapa? Wamempigia daktari?"

"Hakuna anayekufa! Ni radi, Mirka, ni ya radi!"

"Usinidanganye, unaniwashia mshumaa wa maiti halafu unanidanganya!"

Akarusha blanketi, akaruka yeye, kiwiko kikagonga pazia, na dirisha lile la zamani linapitisha upepo kama chekeche. Pazia likapeperuka mpaka kwenye moto. Nailoni. Vuu!

Nikalimwagia jagi lote la chai. Mirka akalivuta pazia chini, akalikanyaga na viatu vya nyumbani. Sekunde tano, kumi. Tundu kubwa kama sahani, moshi mweusi, na king'ora cha darini kikaanza kulia. Kumbe hicho umeme hakihitaji!

Miguu korido inakuja mbio. Tukatazamana. Mirka kauzima mshumaa kwa vidole, kausukuma ndani ya buti lake la mvua, kachomoa sigara mfukoni mwa gauni la kulalia na kuiweka mdomoni. Haikuwa hata imewashwa.

Kaingia muuguzi mkuu, Bi Ludmiła, na mtungi wa kuzimia moto.

"Ni mimi," anasema Mirka. "Nilikuwa navuta. Nisamehe, dada."

"Bibi Mirosława! Mara ya pili!" Kisha akanusa. "Sigara gani hii inanuka kanisa?"

"Ya mentoli."

Na mimi? Mimi nilisimama pale na jagi tupu. Nilipaswa kusema neno moja. "Mimi." Nikawaza sufuria la supu, nikawaza miaka miwili ya foleni, na Bi Ludmiła akaandika kwenye daftari lake, na akaondoka.

Dhoruba bado inapiga. Mirka kanigeuzia mgongo, anajifanya amelala. Siwezi hata kusali, maana kila nikianza naona jagi lile mkononi.

Alhamisi, 11 Oktoba

Upepo umeshuka. Bahari bado — upepo unaacha, bahari haijaambiwa. Mawimbi makubwa ya kahawia yanakuja bila kelele zile za jana, yamechoka, lakini yanakuja.

Kifungua kinywa ukumbi mzima walijua. Bwana Alojzy akasimama: "Malkia kachoma kasri!" Wakampigia makofi, na Mirka akainama kama mwigizaji. Mimi nilikata yai langu vipande ishirini.

Bi Ludmiła kasema jambo hili ataliamua daktari mkuu, hayupo mpaka Jumatatu. Saa nne asubuhi, ofisini. Lakini kila mtu anajua: mara ya pili, tena moto. Anafungishwa sanduku.

Nilikwenda kwa Bi Ludmiła baada ya masaji. Nilikwenda kusema. Alikuwa anahesabu mashuka. Akainua kichwa: "Ndiyo, mama?" Nikamwuliza masaji ya kesho ni saa ngapi.

Saa ngapi! Imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa kama ngumi.

Chumbani nikamwambia Mirka: nitasema. Akaweka chini fumbo lake la gazeti. "Ukisema, sikusalimii mpaka siku ya kiama. Na mimi siiamini, kwa hiyo ni muda mrefu sana."

"Lakini ni uongo, Mirka."

"Wangu. Wewe hujadanganya mtu, wewe umenyamaza."

Hajui kwamba kwenye katekisimu tulifundishwa kuwa hata kunyamaza ni kudanganya.

Ijumaa, 12 Oktoba

Jua! Bahari imetulia kama haijui lolote. Inalamba mchanga kwa adabu, na huku nyuma yake imeacha misonobari kumi imelala na mizizi juu.

Tangu alfajiri watu wako pwani, wameinama. Dhoruba huchimba chini, halafu hutupa: majani ya bahari marundo marundo, vijiti vyeusi, na humo katikati kaharabu. Wenyeji wamevaa buti za kiunoni na nyavu. Wa tiba wana vijiko vya chai. Bwana Alojzy aliokota kipande kama punje ya mahindi, akampelekea bibi wa meza ya tano, halafu akakirudisha kumwonyesha wa meza ya saba. Nusura apigwe.

Mimi na Mirka tulitembea polepole mpaka mahali ngazi zilipokuwa. Nilikuwa na fimbo moja tu. Hakuokota kitu. Akasema mwenyewe, bila kuulizwa:

"Wale wa simu ni hospitali. Jana nilipokea."

Nikaegemea fimbo.

"Kwenye pafu kuna kivuli. Tangu Agosti wananitafuta, na mimi tangu Agosti nauziwa vyungu. Alhamisi ijayo wananitaka. Wanapasua, wanaangalia."

Nikamshika mkono. Hakuuondoa. Nikamwuliza kama mwanawe anajua. Yuko Ayalandi, anaendesha lori. "Hajui. Na usianze."

Kisha akasema jambo hili, naliandika kama alivyolisema, maana usingizi umenikimbia kwa ajili yake: "Sikiliza Bogusia. Ingekuwa lazima niondoke hapa Jumatano hata hivyo. Nikiondoka kwa sababu wameniita, mimi ni mgonjwa. Nikiondoka kwa sababu nimefukuzwa, mimi ni Mirka. Niachie hilo. Wewe utabaki na nyonga yako na tope lako, mimi nitakwenda huku nacheka. Nani anaumia?"

Mtu wa shule kidogo kama mimi! Ningejua kusema, ningemwambia kwamba naumia mimi. Lakini hilo si jibu la kumpa mtu mwenye kivuli kwenye pafu.

Akanisukuma bega. "Ila siku ile ulinitia hofu, mwanamke. Niliona nimeshafika. Nikasema, kumbe huko ng'ambo wanakupokea kwa litania na gauni la maua la Bogusia."

Tukacheka mpaka tukakaa kwenye gogo. Alikohoa muda mrefu baadaye.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimetembea kilomita nzima bila fimbo. Mtaalamu wa mazoezi kanipigia makofi: "Wiki moja zaidi na utacheza na Bwana Alojzy!" Ningefurahi. Wiki iliyopita ningefurahi.

Nimempigia Czesiek, mume wangu. Nikamweleza yote.

"Ng'ombe wazima," akasema.

"Czesiek, nakuuliza!"

"Nasikia. Huyo mwenzio ana akili. Kaa kimya, upone, urudi jikoni." Halafu: "Lakini nakujua. Ukikaa kimya utakuja kunikalia mimi na hilo jambo miaka kumi."

Jioni padri alikaa kwenye kiti cha maungamo kikanisani. Foleni ilikuwa watu wanne tu. Sikwenda. Ningeungama, angeniambia, kaseme. Ndiyo maana sikwenda. Hapa naweza kuandika kweli.

Jumapili, 14 Oktoba

Misa. Mirka kaja! Eti kusikiliza kinanda. Kakaa nyuma na koti lake jekundu alilolishona mwenyewe, mikono mifukoni.

Wakati wa komunyo mstari wangu wote ukainuka. Wakapita mbele ya magoti yangu, samahani, samahani mama. Nikabaki peke yangu kwenye benchi. Tangu Komunyo ya Kwanza sijawahi kubaki benchi nikiwa mzima. Niliangalia viatu vya watu. Sikujua kwamba kanisa lina viatu vingi namna hiyo.

Nje Mirka akanidaka mkono. "Mbona hukwenda?"

"Siwezi."

"Kwa ajili ya mshumaa?"

"Kwa ajili ya kunyamaza."

"Wewe!" Alikasirika kweli, mpaka watu wakageuka. "Mimi nakupa zawadi, na wewe unaipeleka kwa Mungu na kumwambia ni dhambi?"

Na mimi pia nikakasirika, nashangaa hata sasa. Nikamwambia: "Zawadi ni yako kutoa, lakini dhamiri ni yangu kulala nayo. Wewe utakwenda Łódź. Mimi nitabaki kwenye chumba kile wiki nzima na kitanda chako kitupu, nakula mikate yako. Kila nikipanda ngazi bila fimbo nitajua nimepanda juu ya nani."

Akaniangalia. Akatoa sigara, akakumbuka tuko mlangoni pa kanisa, akairudisha.

"Basi sema," akasema. "Uharibu. Nyonga yako, jiko lako, na mimi niende kama mgonjwa. Lakini usiniombe nikushangilie."

Hatujasemezana tangu hapo. Chakula cha jioni kanipa chumvi kabla sijaomba, bila kunitazama.

Jumatatu, 15 Oktoba

Saa nne na dakika ishirini. Korido ya ofisi, ghorofa ya chini. Naandika magotini, mistari imepinda.

Niliamka na kitanda chake kimeshatandikwa. Sanduku mlangoni, limefungwa. Alishashuka kabla ya saa yake. Nimevaa gauni la misa, nimeshuka polepole. Kwenye kila ngazi nilisema Salamu Maria na kwenye kila ngazi nilitafuta sababu ya kurudi. Sababu zilikuwa nyingi kuliko ngazi.

Katibu aliniuliza kama nina miadi. Nikasema sina. Ndani nilimsikia Mirka anacheka, anamweleza daktari mkuu jinsi usingizi ulivyomchukua na sigara mkononi, jinsi alivyoota anachoma kiwanda. Anasimulia vizuri! Katibu mwenyewe alikuwa anatabasamu kwenye karatasi zake.

Nikasema: "Haikuwa sigara. Nilikuwa mimi."

"Nani mama?"

"Mimi. Niliwasha mshumaa. Wa radi."

Akaniangalia kama nimesema nilileta mbuzi. Ni msichana wa hapa pwani. Halafu uso wake ukabadilika. "Wa Februari?" akauliza polepole. "Bibi yangu pia..." Akasimama, akagonga, akafungua mlango, nikaingia mwenyewe kabla miguu haijabadilisha mawazo.

Daktari mkuu ni mtu mfupi, amechoka, ana karatasi za watu mia tatu mezani. Nilisema yote. Radi, ghala, litania, pazia, jagi. Nilisema pia kwamba nilinyamaza, na kwamba nilinyamaza kwa sababu ya nyonga. Ya Mirka sikuyasema, kivuli ni chake. Mirka aliangalia dirishani. Nilipomaliza akasema tu, kwa sauti kavu: "Usimsikilize, daktari, ana homa."

Daktari mkuu alivua miwani. "Kwa hiyo nina pazia moja na wachomaji wawili."

"Mmoja," nikasema.

"Mmoja," akasema Mirka, wakati huohuo.

Akatutoa nje wote wawili. Kasema lazima awapigie simu wakubwa wake, kosa la moto haliamuliwi naye peke yake siku hizi, na kwamba kwa miaka kumi na saba hajaona watu wanaogombea kufukuzwa. Mlango umefungwa. Tunasikia sauti yake, maneno hatusikii.

Basi tumekaa. Viti vitatu vya plastiki. Yeye kule, mimi huku, mkoba wangu katikati.

Tangu tukae anaangalia ukuta. Nilidhani ndiyo ile ya mpaka kiama.

Sasa hivi, bila kugeuza kichwa, kasema: "Mjinga wewe."

"Najua."

"Wakitufukuza wote, treni yangu ni saa nane na dakika kumi. Kupitia Poznań." Kisha, kama anauliza jambo la hali ya hewa: "Wewe unapita wapi?"

Mimi kwenda Podlasie napanda ya Gdańsk, halafu Warsaw, halafu basi. Poznań ni upande wa pili wa nchi. Czesiek anajua, katibu anajua, mtu yeyote mwenye ramani anajua. Mirka kashona makoti ya wafanyakazi wa reli miaka thelathini, anajua kuliko wote.

Nimemwambia Łódź iko njiani kwangu.

Hajanijibu. Kahamisha mkoba wangu kwenye magoti yake, kasogea kiti cha katikati. Mungu anisamehe, hata saa moja haijapita tangu niseme kweli, na tayari nime—

Kitasa kinageuka.